Nomino Sambamba katika Kiswahili: Mlima Elgon na Mji wa Kitale

Makala hii inakusudia kueleza jambo la sarufi ambalo walimu wengi hulipitia juujuu. Nomino mbili zinapowekwa pamoja kutaja kitu kimoja, ni lini huunganishwa kwa -a, na ni lini hukaa bila kiungo? Mifano yetu imetokana na majina yatumikayo kila siku Kitale na Bungoma.

(1) Mlima Elgon, Mto Nzoia
(2) mji wa Kitale; kaunti ya Bungoma

Katika mafungu yote mawili nomino ya kwanza hutaja aina, na ya pili ni jina la pekee. Hata hivyo, (1) halina kiungo, na (2) linacho. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba -a ni alama ya umilikaji hukwama hapa, kwani Kitale haimiliki mji. Kitale ndio mji wenyewe. Linganisha na hospitali ya Bungoma. Umbo ni lile lile la kaunti ya Bungoma, lakini maana ni mbali.

Twapendekeza kipimo hiki: kirai kigeuzwe kuwa sentensi yenye ni. "Bungoma ni kaunti" yakubalika. "Bungoma ni hospitali" haikubaliki. Kirai kinachopita ndicho chenye nomino sambamba. Kisichopita kina uhusiano mwingine, kama vile wa mahali au wa mali. Tofauti hii ina uzito. Mto Nzoia ni mto wenyewe. Mto wa Nzoia waweza kueleweka kuwa mto wowote ulio mahali paitwapo Nzoia.

Kiajemi chatuonyesha kwamba mgawanyo huu si wa lugha zote. Humo kiungo -e, kiitwacho ezafe, kwa kawaida hutumika pande zote mbili: kuh-e Damavand (Mlima Damavand), shahr-e Shiraz (mji wa Shiraz). Lakini nomino ya pili ikiwa ni maelezo ya nyongeza, Kiajemi nacho huacha kiungo kati ya nomino hizo na kutegemea kituo kifupi cha sauti. Wanasarufi wake huiita badal, neno la Kiarabu tulilo nalo katika badala.

Kiswahili nacho kina badala ya namna hiyo:

(3) Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa na mchezaji wa kandanda, alifariki mwaka 1987.
(4) Chetambe, ngome ya Wabukusu, ilishambuliwa na Waingereza mwaka 1895.

Msikilizaji wa (3) haoni mikato. Atajuaje kwamba kiongozi na mchezaji si watu wengine, bali ndiye Masinde? Kiambishi a- katika alifariki ndicho kinachomjibu. Kingalikuwa wa-, angehesabu maiti zaidi ya mmoja. Katika (4), i- hufuata ngome. Vivyo hivyo husemwa "Mlima Elgon unaonekana", na hata mlima ukiachwa, "Elgon unaonekana": nomino ya aina haisikiki, lakini bado yatawala upatanisho.

Kwa hiyo si busara kumpa mwanafunzi orodha ya majina ayakariri. Afundishwe kwanza kipimo cha ni, kisha upatanisho wa kitenzi, na mkato uje mwisho. Wenzetu wenye mifano ya pwani na ya lahaja nyingine wanaombwa wakipime kipimo hiki.