Ngorongoro: Soma lebo kabla ya bei
WAKAZI wa Tarafa ya Ngorongoro, ambako kilimo kilipigwa marufuku mwaka 1975, kikaruhusiwa 1992 na kukatazwa tena 2009, hutegemea sana chakula cha kununua, kikiwamo kinachotoka madukani Karatu. Kwa mnunuzi wa namna hiyo, maandishi ya nyuma ya pakiti si pambo.

Viambato huorodheshwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia. Kinywaji ambacho maji na sukari vimetangulia, tunda likafuata mbali, ni maji ya sukari tu, hata picha ya embe iwe kubwa namna gani.

Chumvi ndiyo hujificha zaidi, kwani lebo nyingi huitaja kama sodiamu, kwa miligramu. Kiasi hicho kikizidishwa kwa 2.5 hupatikana chumvi yenyewe. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima atumie chini ya gramu 5 kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai. Hivyo tambi za pakiti zenye miligramu 1,000 za sodiamu humaliza nusu ya kiwango hicho kwa mlo mmoja. Iangaliwe pia kama hesabu ni ya pakiti nzima au ya gramu 100. Wengi hukosea hapo.

Tangu 2019 usimamizi wa usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na alama yake hutafutwa pamoja na tarehe ya mwisho wa matumizi.