Kichwa cha Waya Hakibebi Mzigo

Mji wa Bukavu, uliojengwa juu ya rasi zinazoingia ndani ya ziwa Kivu, umekaa juu ya bonde la ufa ambalo ardhi yake haijapata kutulia. Na wenyeji hawajaisahau Jumapili ile ya tarehe 3 Februari 2008, ardhi ilipotikisika kwa tetemeko lenye ukubwa wa takriban 6, wala lile la Agosti 2015. Baada ya misukosuko kama hiyo watu hukagua kuta na mapaa, na ni haki yao. Lakini katika chumba kile chenye baridi na mvumo wa feni, ambamo benki, chuo au hospitali huweka seva zake, kilicho dhaifu kuliko vyote ni kichwa cha waya.

Uzi wa kioo upitishao habari kwa nuru, ule wa masafa marefu, una kiini chenye upana wa maikromita 9 tu, ilhali unywele wa mwanadamu aghalabu huzidi 50. Kwenye kiungio, viini viwili hukabiliana uso kwa uso ndani ya vijiti vya kauri, navyo hushikwa na kilimi cha plastiki ambacho ukucha waweza kukivunja. Kebo ikiachwa ining'inie, uzito wake hukivuta kichwa upande, viini vikapishana kwa kadiri isiyoonekana kwa jicho, nuru ikapungua, na fundi maskini akashinda akitafuta kosa ndani ya programu. Waya wa shaba nao, kilimi chake kikikatika, hubaki tunduni ukingoja mtikisiko mdogo tu uchomoke.

Dawa ni kuuhamisha mzigo. Akina mama wapagazi wa soko la Kadutu hulaza gunia mgongoni na kupitisha ukanda kwenye paji la uso, vidole visibebe kitu. Kebo nayo ifungwe kwenye chuma cha kabati la seva kabla ya kufika tunduni, kwa mkanda laini wa kunata, wala si kwa kifungo cha plastiki kinachoiminya. Nusu kipenyo cha pindo lake, kwa kanuni ya mafundi, isipungue mara 10 ya unene wa kebo, na mara 20 wakati wa kuivuta. Iachiwe na mlegeo, kwa kuwa ardhi ikitikisika kabati na ngazi ya nyaya iliyo darini haziyumbi pamoja. Na kabati lenyewe lipigwe bolti sakafuni, kwani likianguka mlegeo hautafaa kitu.

Basi wewe uliyekabidhiwa chumba cha namna hiyo, fungua mlango wa nyuma wa kabati, na kila kebo uionayo inaning'inia kwa kichwa chake, ifunge leo.