Bweni la Buta na taa yetu moja

Mwezi uliopita tuliahidi kuandika juu ya mitihani. Tunaomba mtuvumilie, mitihani itangoja kidogo, maana kuna jambo limetukaa rohoni sisi walimu wa kujitolea na halitoki.

Ugomvi wa kwenye robine mnaujua. Ndoo zilipinduliwa, mawe yakarushwa, mtoto mmoja akashonwa kichwani. Wakubwa wakasema yamekwisha. Haya, kwenu labda yamekwisha. Kesho yake asubuhi tuliingia darasa la 7 tukakuta mabenchi yamevutwa: kundi moja limekaa ukuta wa huku, lingine ukuta wa kule, na katikati pako wazi kama barabara. Sisi hatukuwapanga hivyo. Makundi yenyewe ni yapi hatuandiki, mnatuelewa vizuri sana. Jioni ile ile wazazi wawili walikuja, kila mmoja kwa saa yake, wakaomba jambo moja: masomo ya jioni yagawanywe, watoto wao wasome peke yao.

Shida ni kwamba taa ya sola ni moja. Tukiwagawa wanafunzi, kundi moja linapata taa na lingine linapata giza.

Tulikaa walimu wote kufikiri. Mmoja wetu, mzaliwa wa kusini mwa Burundi, akasema: kwa nini tusiwasimulie habari za Buta? Wengine tulikuwa tunaijua nusu nusu tu, maana mwaka wenyewe wengi wetu tulikuwa hatujazaliwa. Na tuseme mapema: sisi walimu si wakatoliki wote. Kati yetu wako wapentekoste, yuko mwanglikana, na mmoja anasema Mungu anamjua tu. Habari hii si ya dhehebu.

Buta ni seminari ndogo ya kikatoliki katika jimbo la Bururi. Kwa asiyejua, seminari ndogo ni shule ya sekondari ya bweni kwa wavulana. Baadhi wanaendelea mpaka upadri, wengine wanatoka humo wakawa walimu, waganga, wafanyabiashara, baba za watu. Maisha yao ni sala, masomo, kazi za mikono, mpira na maharage. (Aliyesoma shule ya bweni Burundi hahitaji kuelezwa habari ya maharage.)

Rais Melchior Ndadaye aliuawa tarehe 21 Oktoba 1993, na nchi ikaingia vitani. Vita havikubaki milimani, vilipiga hodi mashuleni. Mhutu na Mtutsi walilala chumba kimoja, kila mmoja anamsikiliza mwenzake anavyopumua. Watoto walikuwa wanatoka likizo na habari za nyumbani: huyu amempoteza baba, yule nyumba yao imechomwa, na kila mmoja anajua kabila la waliofanya.

Mkuu wa seminari wakati huo alikuwa Padri Zacharie Bukuru. Tulichokipenda sisi kama walimu ni kwamba hakuwafunga midomo. Shule nyingi zingesema: hapa siasa marufuku, fungua kaye uandike. Yeye alikaa nao, akawaacha waseme wazi yaliyowapata na wanayoyaogopa, Mhutu akimsikia Mtutsi, Mtutsi akimsikia Mhutu. Halafu wanatoka hapo wanacheza ngoma za asili pamoja, wanaimba, wanapiga mpira, wanasali. Haikuwa kazi ya siku moja, ilichukua miaka. Usifikiri wale vijana walizaliwa malaika. Walikuwa wavulana kama wetu, wana hasira na wana njaa.

Tarehe 30 Aprili 1997, alfajiri, waasi walivamia seminari. Waliingia katika bweni wanafunzi wakiwa bado kitandani. Wakawaamuru wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Vijana hawakujitenga. Amri ikarudiwa, wakabaki pamoja. Ndipo risasi na maguruneti. Wanafunzi 40 waliuawa, wa makabila yote mawili. Kijana mmoja aliyejeruhiwa alimfikia mkuu wake akamwambia kwamba waliamriwa kutengana na wao wakakataa.

Walizikwa pale pale Buta, na hapo pakajengwa kanisa la Bikira Maria Malkia wa Amani. Padri Bukuru aliandika kitabu juu yao kilichotoka mwaka 2004. Mwaka 2019 Kanisa Katoliki la Burundi lilifungua rasmi kesi ya kuwatangaza wenye heri.

Na si Buta peke yake. Wiki sita kabla, tarehe 18 Machi 1997, huko Nyange nchini Rwanda, wanafunzi wa sekondari walivamiwa usiku wakaambiwa vilevile, na wao wakakataa vilevile. Rwanda inawahesabu kati ya mashujaa wake wa taifa, daraja la Imena.

Sasa, darasani. Tuliwasimulia siku ya Jumanne, saa ya mwisho. Tulidhani watalia, tutasali, watasogeza mabenchi, tutaenda nyumbani tukiwa na furaha. Haikuwa hivyo. Walinyamaza. Kisha msichana mmoja wa benchi ya nyuma akainua mkono: "Mwalimu, hao waliokataa kutengana si walikufa? Sasa walipata faida gani?"

Tunakiri mbele yenu, hatukuwa na jibu. Tulitazamana. Mwalimu mwenzetu alianza kusema juu ya mbinguni, yule msichana akasema mbinguni anaijua, anauliza hapa. Akatujibu mvulana wa ukuta wa pili, wala hakuwa amenyoosha mkono. Alisema: "Wangetengana, nusu wangepona. Lakini hao nusu wangelala wapi usiku wa pili? Kwenye vitanda vile vile, na pembeni vitanda vitupu vya wenzao." Msichana akamwambia, "Bado ni afadhali kupona." Wakabishana hadi kengele ikalia, na wakaendelea kubishana njiani, wa ukuta huu na wa ukuta ule wametembea pamoja mpaka kwenye foleni ya robine, bila kujua kwamba wametembea pamoja. Sisi tulikuwa nyuma yao, tukakaa kimya kabisa tusije tukaharibu.

Tangu hapo kila Jumanne saa ya mwisho tunaifanya saa ya kusema. Sheria ni mbili: unasema yaliyokupata wewe, si uliyoyasikia, na mwenzako akisema humkatizi. Yanayotoka humo mengine ni mazito, hatutayaandika hapa, ni mali ya watoto. Lakini mzazi, tukueleze kitu kimoja bila kukukosea heshima. Mambo mengi wanayoyasema kuhusu "wale" ni ya miaka ambayo wao hawakuwapo duniani. Wameyapata wapi? Ndani ya hema, usiku, mkidhani wamelala.

Mabenchi bado hayajarudi yote. Matatu yamesogezwa katikati, mengine yako ukutani. Hatujalazimisha na hatutalazimisha, kwa sababu benchi iliyosogezwa na mwalimu hurudi mwalimu akigeuza mgongo. Masomo ya jioni yanaendelea pamoja mpaka sasa, lakini wazazi wale wawili wamekuwa saba, na wamepeleka ombi kwa kamati ya wazazi. Tunawaheshimu. Mtoto mmoja kati ya hao ndiye aliyeshonwa kichwani, na mama yake ana haki ya kuogopa. Tulimtembelea, akatukaribisha chai ya tangawizi, akatuambia atakuja kusikiliza lakini hajaahidi kitu.

Kamati itaamua Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, saa tatu asubuhi, katika darasa la 4 lenye shitingi mpya. Kila mzazi mwenye mtoto darasa la 6 na la 7 anaombwa aje, baba na mama wote wawili ikiwezekana. Viti ni vichache, mje na vigoda. Na taa tutaileta tuiweke mezani, muione ukubwa wake.