Kabichi za Kibumba zinaozea wapi?

Chukudu inayoshuka kutoka Kibumba na magunia ya viazi mgongoni haina injini wala tangi la mafuta. Imechongwa kwa mti, ikapigwa misumari, na magurudumu yake ya mbao yamevikwa mpira uliokatwa kwenye tairi la gari lililokwisha kazi. Breki ni kipande kingine cha mpira huohuo, kinachokandamizwa kwa mguu juu ya gurudumu la nyuma. Kwa miongo kadhaa chombo hiki kimesaidia kuilisha Goma, na mji umekipa heshima yake: sanamu ya chukudu ya rangi ya dhahabu imesimama katikati ya mzunguko wa barabara unaojulikana kwa jina hilo.

Tunapozungumza juu ya kutumia vitu tena na kuhifadhi mazingira, huku kwetu hatuanzi na somo jipya. Hata hivyo kuna pahali pamoja katika safari ya gunia la Kibumba ambapo uangalifu huo wote unapotea, napo ni depo.

Kibumba iko katika wilaya ya Nyiragongo, mwendo usiozidi kilomita 30 kaskazini mwa Goma, kandokando ya barabara ya taifa namba 2 inayokwenda Rutshuru. Upande mmoja ni volkeno ya Nyiragongo, upande wa pili ni Mikeno, na Hifadhi ya Virunga imeikumbatia. Udongo wake mweusi unatoa kabichi nzito, karoti, vitunguu, maharagwe na viazi mviringo ambavyo mama wa Goma anavitambua kwa macho tu. Kile ambacho udongo huo hautoi ni maji. Mvua ikinyesha inazama katika mawe ya lava, na watu wanakinga matone ya paa kwa bidoni za manjano ambazo kwanza zilileta mafuta ya kupikia.

Mazao yakifika Goma hayauzwi yote siku hiyohiyo. Mama muuzaji hawezi kurudi nyumbani na magunia matano kila jioni, na hawezi kuyaacha wazi sokoni. Ndiyo sababu kando ya masoko ya mji kuna depo: chumba cha mbao au cha matofali, kufuli moja kubwa, mlinzi, na malipo kwa gunia. Nchini Marekani watu wanakodi vyumba vya namna hii, kila mteja na ufunguo wake, ili waweke samani na nguo zilizokosa nafasi nyumbani. Huko mwenye biashara akitaka kusifiwa kwa mazingira, anakusanya maboksi ya karatasi yaliyotumika na kuwapa wateja wapya, anabadilisha taa, anaweka paneli za jua juu ya paa. Ni mambo mema. Lakini sofa haiozi. Mwenye depo wa Goma ameshika chakula cha watu, na mizani yake lazima iwe tofauti.

Kwa upande wa vifungashio, depo zetu hazina deni kubwa. Gunia la plastiki lililofumwa linaweza kuanza kazi likiwa na mchele au unga kutoka ng'ambo, likabeba viazi misimu miwili au mitatu, likashonwa kwa uzi wa katani lilipopasuka, kisha likaenda kwa wachoma makaa. Likishindwa na makaa, linajazwa udongo au linaziba mlango wa choo. Mbao za paleti zinageuka vitanda na meza za soko. Hakuna kampeni iliyofundisha haya. Watu wanatunza gunia kwa sababu gunia ni pesa.

Kabichi ikishaoza, haina tena thamani ya pesa, na hapo ndipo hesabu inapoharibika. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikadiria mwaka 2019 kwamba asilimia 14 hivi ya chakula cha dunia inapotea baada ya kuvunwa na kabla ya kufika dukani. Kila kabichi inayotupwa inatupwa pamoja na mbegu yake, dawa iliyopuliziwa, maji yaliyokingwa kwa shida na jasho la kijana aliyesukuma chukudu kwenye miinuko. Ukitaka kujua kama depo inahifadhi mazingira, acha kuangalia ukuta wake. Nenda nyuma ya jengo asubuhi uangalie rundo lililotupwa.

Rundo hilo ni kubwa kuliko inavyostahili, na sehemu ya sababu inajulikana, na kuiondoa hakuhitaji mtambo wa baridi. Kwa mfano, viazi vya kula vinataka giza, hewa inayopita na ubaridi. Vikipigwa na mwanga vinageuka kijani na kujenga sumu ya solanini, ile inayoleta uchungu mdomoni. Vikirundikwa hadi darini, vya chini vinapondeka, vinatoa maji, na kimoja kilichooza kinaambukiza gunia zima. Vikiwekwa juu ya sakafu ya saruji bila mbao chini, unyevu unavipanda. Mbegu ya viazi nayo ina kanuni yake. Kituo cha Kimataifa cha Viazi cha Lima, Peru, kilieneza ghala rahisi ambamo mbegu inapangwa kwenye rafu kwa tabaka chache na kupata mwanga hafifu usio wa jua la moja kwa moja. Machipukizi yanabaki mafupi na magumu, na mbegu inangoja msimu bila kudhoofika. Ghala hiyo inajengwa kwa miti, mbao na nyasi. Kwa hiyo kuweka mbegu na viazi vya kula katika chumba kimoja ni kuharibu kimojawapo, na bado vinachanganywa.

Mahali panapofaa zaidi kwa ghala hizo ni Kibumba penyewe. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Kibumba iko juu zaidi, usiku wake ni baridi bila kulipia umeme. Mkulima mwenye ghala nzuri nyumbani hateremshi mzigo wote wiki moja na kukubali bei yoyote. Tena barabara hii haiaminiki. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka, lava ikashuka hadi Buhene na kuikata barabara ya kaskazini. Mwishoni mwa mwaka 2022 vita vya waasi wa M23 viliifikia Kibumba na wakazi wengi wakakimbilia Kanyaruchinya, karibu na Goma, mashamba yakabaki nyuma. Januari 2025 Goma yenyewe ikaangukia mikononi mwa M23. Mavuno yanayongoja usafiri yanahitaji pa kungojea, na depo za mjini haziwezi kutoa msaada huo zikiwa upande wa pili wa barabara iliyofungwa.

Wapo watakaosema kujenga ghala katika eneo la vita ni kupoteza mbao. Naielewa hofu hiyo, ila sikubaliani nayo. Kibumba imeshaona mabaya makubwa: mwaka 1994 kambi ya wakimbizi kutoka Rwanda ilijaa hapo karibu watu laki mbili, maji yakaletwa kwa malori, na msitu wa Virunga ukakatwa kuni kwa mamia ya tani kila siku katika kambi zote za eneo hilo. Mwaka huohuo UNESCO iliiweka hifadhi katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Wakulima walirudi wakalima. Na mapema mwaka 2025, kambi za wakimbizi wa ndani zilizozunguka Goma zilipobomolewa, familia ziliondoka na turubai na miti ya vibanda vyao migongoni. Ghala ya mbao inaweza kujengwa kwa vitu hivyohivyo, ikafunguliwa na kujengwa tena.

Kuna jambo la kutumia vitu tena ambalo lazima likomeshwe. Wakulima wa viazi wanapulizia dawa za ukungu mara nyingi kila msimu, na chupa au mfuko wa dawa ukiisha unaonekana chombo kizuri. Si chombo. Chupa ya dawa isioshwe iwe ya maji au mafuta. Isuuzwe mara tatu, maji hayo yamwagwe ndani ya pampu ya kupulizia, kisha itobolewe ili asiitumie mtu. Mwenye depo asipokee gunia la chakula lililonuka dawa, wala asiruhusu dawa na viazi vilale chumba kimoja, hata mteja akinung'unika.

Plastiki nyembamba nayo ina hesabu yake. Amri ya serikali ya Kongo ya tarehe 30 Desemba 2017 ilikataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko na vifungashio vya plastiki. Masoko yanajua jinsi ilivyotekelezwa. Kinachotupwa kwenye mitaro ya Goma kinaingia Ziwa Kivu, na maji ya ziwa hilo yanatokea Mto Ruzizi, ambako takataka za plastiki zinaziba mitambo ya bwawa la Ruzizi la kwanza, lililoanza kazi mwaka 1958 na linalotuma umeme Bukavu na Goma. Mji unajizimia taa wenyewe.

Majani ya kabichi, kwa upande wao, yana njia nyepesi zaidi. Malori yanayoleta mboga aghalabu hurudi kaskazini na nafasi tupu. Mwenye depo akitenga pipa la majani na maganda, bila plastiki ndani, lori linaweza kuyapandisha Kibumba yakawa mbolea katika mashamba yale yale yaliyoyatoa. Viazi vyenye ugonjwa visipandishwe Kibumba, maana vitarudisha ugonjwa shambani. Hivyo vifukiwe mbali.

Ewe mwenye depo, weka mbao chini ya magunia, ziba mwanga kwenye viazi vya kula, tenga dawa, na toa pipa la majani kabla ya msimu ujao wa mavuno. Na wewe mama unayelipia gunia lako kila usiku, usilipe kabla hujaingia ukaona linapolala.