Je, Wajua? Neno la Mjerumani Lililobaki Buha
Wajerumani hupenda kuunganisha maneno. Schaden ni madhara, Freude ni furaha. Yaunganishe upate Schadenfreude, ile furaha ya kuona mwenzako kapatwa na baya. Hilo halikuota mizizi Buha, nchi ya Waha mkoani Kigoma, si Kasulu wala Kibondo. Lililoota ni Schule, nasi tukapata shule. Wajerumani waliondolewa Kigoma mwaka 1916, wakatawala Wabelgiji hadi 1921, kisha Waingereza, na neno halikung'oka: ushindi mkubwa kwa neno dogo. Zanzibar, iliyokuwa chini ya Mwingereza tangu 1890, husema skuli. Burundi nayo ilitawaliwa na Mjerumani. Ndiyo maana mtoto mkimbizi kutoka Burundi akisema kwa Kirundi anakwenda ishure, jirani yake Muha anamwelewa papo hapo.