Joto la nyoka afugwaye: Kisanduku cha Bungoma hakitoshi Kitale

KISANDUKU kinachomfaa nyoka mjini Bungoma huenda kikamwua mjini Kitale, ijapokuwa miji hiyo miwili ni majirani. Bungoma iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, nayo Kitale mita 1,900 hivi. Tofauti hiyo ya mwinuko hupunguza joto la hewa kwa nyuzi tatu za Selsiasi, na usiku wa Julai mjini Kitale kipimajoto huweza kushuka hadi nyuzi 12.

Binadamu hujifunika blanketi akalala. Nyoka hafaidiki na blanketi, kwani huhifadhi joto la mwili, ilhali mwili wake hauzalishi joto la kutosha. Yeye hutegemea jua, jiwe lililopata moto au, akiwa kifungoni, umeme wa mwenyeji wake.

Chatu, kwa mfano, huhitaji mahali penye nyuzi 30 hadi 32 ili chakula kisagike. Akipakosa, panya aliyemmeza huanza kuoza tumboni, naye humtapika. Baridi ikiendelea, hushikwa na maradhi ya mapafu, akawa anapumua kwa mdomo wazi huku mate mazito yakimtoka. Wafugaji wengi hugundua wakiwa wamechelewa, maana nyoka mgonjwa na nyoka aliyetulia hufanana sana.

Kabla ya joto kuna sheria. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza kumiliki mnyamapori bila kibali, hivyo anayetaka kufuga huanzia kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Nyoka wenye sumu hawana nafasi katika nyumba ya kuishi watu. Asiye na kibali anaweza kuwatazama katika Makumbusho ya Kitale, yaliyofunguliwa mwaka 1974 kutokana na hazina aliyoiacha Luteni Kanali Hugh Stoneham. Kwa Wabukusu, ambao simulizi lao la tohara humtukuza Mango kwa kuliua joka, wazo la kumwashia nyoka taa usiku kucha bila shaka huzusha kicheko.

Vifaa havihitaji kuagizwa vyote ng'ambo. Maduka ya pembejeo huuza taa nyekundu za kuleĺea vifaranga, lakini nyingi ni za wati 250, nguvu inayoweza kumchoma nyoka katika kisanduku kidogo. Balbu za kisasa za kuokoa umeme nazo hazifai, kwa kuwa hutoa mwanga pasipo joto la maana. Kinachofaa zaidi ni bamba jembamba la umeme linalowekwa chini ya kisanduku, au kifaa cha kauri kinachotoa joto bila mwanga na hivyo kumwachia nyoka giza lake la usiku. Cha kauri kifungwe kwenye kishikio cha kauri pia. Cha plastiki huyeyuka na kuweza kuunguza nyumba.

Bamba lisizidi thuluthi moja ya sakafu. Upande mmoja uwe na joto, mwingine ubaki na nyuzi 25 hivi, na kila upande uwe na maficho, ili nyoka asilazimike kuchagua kati ya joto na usalama. Kila taa izungushiwe wavu wa chuma. Nyoka hujiviringisha penye moto na kuendelea kulala hata ngozi inapoungua.

Kifaa ambacho hakiepukiki ni kidhibiti joto, kile kile kinachotumika katika mashine za kutotolea vifaranga. Hukata umeme joto likifika kiwango kilichowekwa na kuurudisha likishuka. Kitambuzi chake kikazwe upande wa joto, pale nyoka anapolala, wala si ukutani. Kisha kisanduku kiwashwe siku mbili kikiwa kitupu, na vipimo visomwe alfajiri na adhuhuri. Aliyepima Bungoma akahamia Kitale apime upya. Huenda akahitaji kuzungushia mbao au maboksi ya povu pande tatu, huku akiacha matundu ya hewa.

Umeme ukipotea, chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa, ikawekwa upande mmoja, husaidia kwa saa kadhaa. Jiko la makaa lisiingizwe katika chumba kilichofungwa: hewa yake ya sumu humwua mfugaji pamoja na nyoka. Baridi ya usiku mmoja nyoka mzima huistahimili kuliko joto la kupita kiasi, ambalo huweza kumwua kwa muda mfupi. Asilishwe mpaka umeme urudi na upande wa joto ufikie tena nyuzi 30. Akiwa mzima, anaweza kukaa majuma kadhaa bila kula.