Mbegu Iliyoota Haina Pa Kurudi

Kila vuli malalamiko ni yaleyale katika Ilemela, mkoani Mwanza, kuanzia vijishamba vilivyobanwa kati ya nyumba na majabali ya Pasiansi hadi mashamba ya Sangabuye na Kayenze. Mvua inanyesha siku moja au mbili mwezi Oktoba, watu wanapanda mahindi, kisha jua linawaka wiki nzima na zaidi. Yanayotoka ni machache, mistari ina mapengo, na lawama anatupiwa muuza pembejeo: katuuzia mbegu feki.

Mbegu feki zipo, hilo halina ubishi. Lakini kabla ya kulaumu, fukua shimo moja lililokosa mche. Ukikuta punje imeoza, au imelala vilevile ulivyoifukia ilhali udongo ulilowa vizuri, una haki ya kuishuku. Ukikuta punje iliyopasuka, imetoa kimzizi kifupi ambacho ncha yake imesinyaa na kuwa ya kahawia, basi mbegu hiyo ilikuwa nzima. Imeuawa na ukavu baada ya kuamka.

Punje ya mahindi yenye unyevu wa asilimia 12 au 13 hukaa ghalani miezi mingi bila kufa, kwa kuwa seli zake zina sukari na protini maalumu zinazokinga utando wa seli usiharibike maji yakipungua. Ikishafyonza maji kiasi cha theluthi ya uzito wake, hujiandaa kuota. Katika saa hizo za mwanzo bado unaweza kuianika, ikakauka, na baadaye ikaota. Ndiyo maana anayeloweka mahindi usiku mmoja, akayaanika kidogo asubuhi na kuyapanda, hapati hasara.

Mambo hugeuka kimzizi kinapochungulia. Sehemu kubwa ya ile kinga imeshatumika au imevunjwavunjwa, na seli za mzizi zimejaa maji na kutanuka. Kuanzia hapo uwezo wa kustahimili ukavu hushuka haraka: kadiri mzizi unavyorefuka, ndivyo zinazopona zinavyopungua. Ncha ya mzizi ndiyo hutangulia kufa. Mahindi na mtama huweza kujikwamua kwa kutoa mizizi mingine mvua ikirudi mapema, ingawa mche huchelewa na kudhoofu. Maharage na pamba, zinazotegemea mzizi mmoja mkuu, huumia zaidi.

Udongo nao una mchango wake. Kichanga kilichotokana na mawe ya graniti, ambacho Wasukuma wanakiita luseni, huachilia maji kirahisi. Mvua ndogo inatosha kuiamsha mbegu, na jua la siku chache linatosha kuikausha. Udongo mzito wa mbuga hung'ang'ania maji ya kwanza. Mbegu haipati ya kutosha kuota, inabaki kavu ikisubiri (panya wakiiacha). Luseni tunaipenda kwa sababu inalimika bila jasho jingi, na kwa mvua za kubahatisha ndiyo inayotutia hasara.

Bustani za mchicha nyuma ya nyumba zina kisa hichohicho kwa udogo. Mbegu ya mchicha hukaa juujuu, mahali panapokauka kwanza. Bomba likikata siku mbili wakati inapoota, tuta zima linapotea, na kulimwagilia siku ya tatu hakurudishi kitu.

Kurudishia mapengo ni tiba dhaifu. Miche ya pili hukua kwenye kivuli cha ile ya kwanza, na mbegu yenyewe inanunuliwa mara mbili.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa vuli kabla ya msimu, ukieleza mvua zinatarajiwa kuanza lini. Usikilize, kisha chimba ujionee unyevu umeshuka kiasi gani, maana udongo uliolowa juu tu unadanganya. Mwenye shamba la luseni asikimbilie mvua ya kwanza, na ambaye fedha yake inatosha mfuko mmoja tu wa mbegu, abakize nusu.